Kidole Gumba cha Okumu

Vijana wangu, nasikia siku hizi mnajifunza kutengeneza rili ya kuvulia samaki kwa dakika kumi na mbili, kwenye simu, kutoka kwa mtu asiyeonyesha uso, mikono tu. Hongereni sana. Mimi ilinichukua miaka ishirini na sita, na nilipostaafu bado kulikuwa na springi mbili mezani ambazo sikujua zimetoka wapi.

Wiki iliyopita wawili wenu walikuja mlangoni kwangu hapa mtaani Jericho na rili ndani ya mfuko wa plastiki, vipande vipande, kama nyama ya kugawana. Nikawauliza imepatwa na nini. "Hakuna kitu, mzee. Tuliifungua tu kuangalia." Basi nikajua ni wenzangu. Sote tulianza hivyo.

Kwa yule ambaye hajawahi kushika kitu hiki, rili ni kile kidude kwenye fimbo ya kuvulia kinachokunja na kukunjua mshipi. Ziko za namna mbili. Ya kwanza huning'inia chini ya fimbo, na ni ya watu wanaopenda amani. Ya pili, ambayo ndiyo ilikuwa kazi yangu, hukaa juu ya fimbo. Unaporusha chambo, spuli, yaani kile kigurudumu kinachobeba mshipi, inazunguka kwa kasi na kidole gumba chako ndicho breki. Ukichelewa kuigusa, chambo kinatua majini lakini spuli haina habari, inaendelea kuzunguka, na mshipi unajisokota mpaka unakuwa fundo kubwa ambalo sisi Jericho tuliliita rasta. Nimekata rasta nyingi kuliko kinyozi yeyote wa Eastlands.

Kabla ya hapo nilikuwa fundi wa taipureta katika ofisi moja mjini. Kompyuta zilipoingia, mkubwa wangu alinipa cheti cha shukrani na ruhusa ya kwenda nyumbani moja kwa moja. Siku ya kuagana akakumbuka kitu. Alikuwa mtu wa kwenda Naivasha kila mwisho wa wiki kuvua, na rili yake ilikuwa inakwaruza. "Baba Nekesa, si wewe hushughulika na vitu vidogo vidogo?" Nikasema ndiyo. Mtu aliyefutwa kazi hasemi hapana.

Niliifungua barazani kwangu, juu ya kiti, nikiwa nimevaa suruali ya ofisi. Springi ndogo kama unywele ikaruka. Nikaona imeelekea kwenye mfereji, kwa hiyo nikatoa sumaku kwenye spika ya redio iliyokufa, nikaifunga kwa kamba, nikakaa siku mbili nikivua mfereji wa Jericho. Nilipata misumari, vizibo vya soda, na ufunguo ambao jirani yangu alikuwa amemlaumu mkewe kwa kuupoteza. Springi niliipata siku ya tatu, kwenye upindo wa suruali yangu mwenyewe. Tangu hapo nilifungulia rili ndani ya beseni lililotandikwa kitambaa cheupe, na kila kipande nikakilaza kwenye trei ya mayai kwa mpangilio wa kutoka. Kilichotoka mwisho ndicho cha kwanza kurudi. Bure hiyo, chukueni.

Kisha nikaipaka grisi. Niliipaka kwa upendo, ile grisi nyeusi ya baiskeli, kila mahali, hata kwenye beringi. Mkubwa akaenda Naivasha na wageni wake, akarusha kwa madaha, na chambo kikaanguka karibu na viatu vyake. Grisi ni ya gia. Beringi huoshwa kwa mafuta ya taa, hukaushwa, halafu hupewa tone moja la mafuta mepesi. Nimesema tone. Nawajua nyinyi, mtamwaga.

Nilijifunza, na wateja wakaja, hasa watu wa Naivasha na wengine waliokwenda ziwani kutafuta mbuta, wale samaki wakubwa. Nikapata kibanda karibu na soko la Jericho. Wakaanza kutaka na fimbo pia, fimbo za kutengenezwa kwa mkono, zenye kishikio cha ngozi na pete zilizofungwa kwa uzi wa rangi. Pete ni vile viduara vidogo ambavyo mshipi unapitia hadi kwenye ncha. Ngozi niliifuata soko la Kariokor. Uzi nikafunga mwenyewe, ukakaa kama bandeji ya mtoto aliyejifunga mwenyewe.

Siku moja nilikuwa nimebeba mojawapo ya fimbo hizo Kariokor, nikapita mbele ya mama mmoja aliyekuwa akisuka kiondo. Hakuacha kusuka. Akaniuliza, "Hiyo fimbo ilivunjika wapi?"

"Haijavunjika, mama. Ni mpya."

"Aa," akasema. "Pole."

Huyo ndiye Mama Syombua, kutoka Machakos, mwalimu wangu wa uzi. Aliichukua ile fimbo, akaufungua uzi wangu wote bila kuniomba ruhusa, akaanza upya. Mzunguko wa kwanza ulilalia mkia wake wenyewe. Iliyofuata ilibanana hadi huwezi kupitisha ukucha. Karibu na mwisho akaweka kitanzi chini, akapitisha ncha, akavuta, na ncha ikatoweka ndani. Hapakuwa na fundo lolote. Halafu ukishapaka vanishi unaizungusha fimbo polepole hadi ikauke, la sivyo vanishi inashuka upande mmoja na pete inaota kitambi.

Tukakubaliana afunge pete zangu zote. Wateja walisifu mno. Walipouliza nani amefunga, niliwaambia kuna mashine imetoka ng'ambo. Mashine hiyo ilikuwa na wajukuu watatu na goti bovu, na kila Jumamosi ilitembea kutoka Kariokor hadi Jericho ikiwa imebeba fimbo zangu begani.

Jumamosi moja alikuwa amekaa kwenye benchi akisubiri nikague kazi, na wateja wawili wakiwa wamesimama mlangoni, ndipo akaingia mtu mrefu, mkono wa kulia mfukoni, mkono wa kushoto umeshika fimbo na rili nzuri sana. Akajitambulisha kuwa anaitwa Okumu, fundi wa mbao kutoka Mathare. Vifaa vile alipewa na mtu aliyemtengenezea makabati kabla hajahama nchi. Amevua navyo miaka miwili kwenye bwawa moja huko nje ya Ruiru, na hakuna kitu alichokipenda zaidi. Kisha akatoa mkono mfukoni. Kidole gumba hakikuwepo.

"Msumeno," akasema. "Nilikuwa natazama pembeni. Sasa nataka unitengenezee rili hii iwe ya mtu asiye na gumba."

Vijana, hapo ndipo ilinipasa kukaa kimya. Lakini nilikuwa na watazamaji.

"Bwana," nikamwambia, "hiyo ni sawa na kuniletea baiskeli ukaniambia huna miguu. Nenda sokoni. Samaki wa pale wamelala tayari, hawataki kurushiwa kitu."

Wateja wawili wakacheka. Okumu naye akacheka kidogo, kile kicheko cha mtu anayetafuta mlango. Akarudisha mkono mfukoni, akasema asante, akaondoka.

Mama Syombua akainuka. Akakusanya nyuzi zake moja moja, nyekundu, buluu, ile ya dhahabu, akazitia kwenye kiondo. Nikamuuliza anakwenda wapi na kazi haijaisha.

"Mashine imeharibika," akasema.

Wiki tatu hakuonekana. Nikafunga pete mwenyewe, kwa sababu mimi ni fundi. Mteja mmoja akanirudishia fimbo yenye pete tatu badala ya nane, akaniambia zile tano ziko chini ya ziwa, kama nazihitaji nizifuate. Mwingine aliniuliza kwa upole kama mashine yangu imeanza kunywa.

Nikaenda Kariokor. Mama Syombua alikuwa palepale, kiondo magotini.

"Nimekuja kuomba radhi," nikasema.

"Kwa nani?"

"Kwako, mama."

"Mimi nina vidole kumi, Baba Nekesa. Sina neno na wewe." Akasuka mzunguko mzima. "Nilimfuata Okumu siku ile. Amefunga karakana. Tangu msumeno umkate hajagusa mbao. Sasa anauza maji kwenye bomba la rafiki yake, karibu na mto. Ile fimbo ndiyo ilikuwa imemtoa nyumbani mara ya kwanza, akaja kwako."

Nilitembea hadi Mathare. Njiani niliandaa hotuba nzuri sana, yenye mwanzo na mwisho. Nilipomkuta ameketi juu ya mtungi uliopinduliwa, hotuba yote ikaniacha.

"Nimekuja kuiona ile rili," nikasema.

"Ile ya mtu asiye na miguu?"

"Nilisema vibaya, Bwana Okumu. Na nilisema mbele ya watu."

"Ulisema vizuri. Watu walicheka."

Akaja mama mmoja na mitungi miwili. Okumu akaijaza yote bila haraka, akaifunga vifuniko, akamsaidia kujitwika mmoja. Mimi nimesimama tu na kofia mkononi, nikiwa na hakika kwamba nimefukuzwa na sijaambiwa bado. Aliporudi akaketi.

"Iko ndani," akasema. "Imekaa tu."

Nikaipeleka Jericho, nikaanza kuonyesha ubingwa. Kwanza nilifunga gumba langu la kulia kwa plasta, nikalibana kwenye kiganja, nikakaa hivyo siku nzima. Jaribuni. Jaribuni kufunga kifungo cha shati. Mke wangu alinimenyea ndizi, akaniuliza kama hii nayo ni kazi ama ni ugonjwa.

Kisha nikaingia kwenye breki. Pembeni mwa rili hizi kuna sumaku ndogo zinazopunguza kasi ya spuli. Nikaongeza nyingine nilizotoa kwenye spika za simu zilizokufa. Halafu nikakaza ile skrubu ya ubavuni inayobana spuli, na kipimo chake ni hiki: ukiachilia spuli, uzito ulioufunga kwenye mshipi ushuke polepole kama mtu anayeshuka ngazi na ndoo ya maji, na ukigusa chini spuli isimame hapo hapo. Mwisho nikashona kofia ya ngozi, ya kuvalishwa kwenye kisiki kilichobaki cha kidole ili Okumu aweze kubonyezea spuli. Ilikuwa ngozi laini, rangi ya chokoleti. Ilinipendeza hadi nikamwonyesha jirani.

Tulijaribia kwenye uwanja wa mtaa. Ukitaka watu wa Jericho wakusanyike, rusha mshipi mahali pasipo na maji. Kijana mmoja akapita na simu yake. "Niaje, fundi. Unavua nini hapa, mbuzi?" Nikamwambia navua wapumbavu na yeye ameuma. Lakini kofia ilifanya kazi. Okumu alirusha mara kumi, mimi nikimkunjia mshipi kuokoa muda, rasta ikawa moja tu. Mama Syombua alikuwepo, akaibonyeza ile ngozi kwa ukucha. Nilidhani anaisifia.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda bwawani sisi watatu. Okumu alivaa shati la kupigwa pasi. Akasimama ukingoni, akavaa kofia yangu ya ngozi, akarusha mara moja, vizuri kabisa, nami nikamkunjia kama kule uwanjani. Mara ya pili mshipi ulikuwa umelowa, na ngozi ikalowa nayo. Ngozi iliyolowa ni sabuni. Spuli ikateleza chini yake, na rasta iliyotoka pale ilikuwa ya mtu aliyefuga miaka kumi. Tukakata, tukarudia. Rasta. Nikapangusa ngozi kwa leso. Rasta. Nikasema labda tukiongeza sumaku.

"Fundi," Okumu akasema, "nyamaza kidogo."

Aliivua ile kofia, akaiweka juu ya jiwe. Akaichukua fimbo kwa mkono wa kushoto, bila kupanga, kama mtu anayetaka kuitupa bwawani yote, na akarusha. Chambo kilikwenda ovyo, kikaangukia kwenye majani, hatua chache tu mbele. Lakini rasta haikuwepo. Gumba lake la kushoto lilikuwa juu ya spuli, limetulia, likifanya kazi yake.

Tukatazamana wote watatu.

"Huu mkono siku zote ulikuwa hapa?" Mama Syombua akauliza.

Okumu akautazama kama amekutana na jamaa wa mbali. "Ulikuwa hapa."

Sasa hebu niulizeni mimi, fundi aliyekuwa na miaka ishirini kazini wakati ule, kwa nini sikumwuliza kuhusu mkono wa kushoto. Wateja wangu wote walirusha kwa kulia, basi nikadhani samaki wanajali. Nilikuwa nimejenga sumaku, ngozi, na heshima yangu yote kuzunguka kidole ambacho hakipo. Naye Okumu, aliniambia baadaye, tangu ajali kila alipoutazama mwili wake aliona pengo lile tu, mengine yote yalikuwa yamefutika.

Furaha ilidumu dakika tatu hivi. Rili nyingi za aina hii zina mpini wa kukunjia mshipi upande wa kulia. Mkono wa kushoto wa Okumu ulirusha, lakini wa kulia ulipokwenda kukunja, kile kishikio kidogo cha plastiki, kikubwa kama njugu, kilimponyoka. Vidole vinne bila gumba havishiki njugu. Nikasema nitatengeneza kishikio kikubwa cha plastiki, labda nikivalishe ngozi.

"Usilete ngozi tena," akasema Mama Syombua.

Okumu alikuwa amekaa, akikunja na kukunjua vidole vyake vinne hewani, akishika kitu kisichoonekana. "Kiwe kirefu," akasema polepole. "Kilale kwenye kiganja. Kiwe na mfereji wa vidole. Mbao ya mzeituni. Haichubuki na haiogopi maji sana."

Nikafungua mdomo nimwambie namjua fundi mzuri wa kuchonga. Mama Syombua akanikanyaga mguu, kwa ule wa goti bovu, na uzito wote.

Sikuwepo alipofungua karakana. Najua tu alichoniambia: kwamba kufuli lilikuwa limeshika kutu akalipiga nyundo, na kwamba alikaa ndani asubuhi nzima bila kugusa kitu. Hakuwasha msumeno. Alichukua kisu na tupa, akabana kipande cha mzeituni kwenye jiliwa, akachonga kwa mkono wa kushoto. Vishikio vitatu vya kwanza aliviita kwato. Cha nne akaniletea Jericho, nikakitoboa tundu la beringi mbili ndogo, nikakifunga kwenye rili. Alikishika kwa vidole vinne, akakizungusha, na hakikuponyoka. Akaendelea kukizungusha muda mrefu kuliko jaribio lilivyohitaji. Nilijishughulisha na trei ya mayai.

Miezi miwili alijizoeza kurusha kwa kushoto, pale uwanjani, kila jioni baada ya kufunga maji. Alirusha vibaya kwa muda mrefu, msidanganyike. Alimpiga mbuzi mara mbili. Wateja wangu waliona kile kishikio, wakaanza kuuliza kinauzwa wapi, na sikuwaambia kimetoka ng'ambo. Niliwaambia jina, na mtaa, na mlango. Na waliouliza juu ya uzi, niliwaambia waende Kariokor waulizie Mama Syombua, na wawe na adabu. Alirudi kunifungia pete, lakini kwa bei yake mpya, na jina lake limeandikwa kwa wino chini ya vanishi ya kila fimbo. Hakuniomba ruhusa kwa hilo pia.

Tuliporudi bwawani, Okumu alishika samaki wake wa kwanza kabla ya saa nne asubuhi. Alikuwa perege wa kawaida, si wa kupigiwa picha, lakini alimkunja kwa vidole vinne hadi ukingoni, akapiga magoti, akamtoa ndoana kwa upole, akamtia kwenye ndoo na kukaa hapo akimtazama. Mama Syombua alijifanya anatafuta kitu kwenye kiondo chake.

Mara ya pili samaki alipouma, mkubwa kuliko yule, Okumu akanigeukia ghafla, akanipa fimbo. "Shika, fundi. Mlete."

Ikabidi niwaambie kitu ambacho sikuwa nimemwambia mteja yeyote. Nilikuwa nimefungua rili zisizo na hesabu, na sijawahi kuwa na samaki hai kwenye hata moja.

Kwenye rili kuna gurudumu dogo lenye umbo la nyota, la kukaza breki nyingine, ya wakati samaki ameshauma. Samaki akivuta kwa nguvu, breki inatakiwa iachie mshipi kidogo, usikatike. Nimewaeleza watu hilo maisha yangu yote, kwa sauti ya mtu anayejua. Samaki akavuta. Mshipi ukalia. Mimi nikaishika ile nyota, nikaikaza mpaka mwisho, kama mtu anayefunga bomba lililopasuka.

Mshipi ukakatika kwa mlio mdogo tu. Fimbo ikanyooka. Maji yakatulia.

Kisha Okumu akaanza kucheka, akacheka hadi akakaa chini kwenye nyasi, na Mama Syombua akacheka ameshika goti. Nilisubiri wamalize. Walichukua muda wao.

Okumu akainuka, akafunga ndoana nyingine, taratibu, akitumia meno pale gumba lilipokosekana. Akatia chambo. Akarusha kwa kushoto, mbali, akanirudishia fimbo mkononi. Halafu akasimama ubavuni kwangu na kuifunika ile nyota kwa mkono wake wa vidole vinne, nisije nikaigusa.